Aliye Ndani ya Uzio Hasalimiwi

Betri za tochi ziliniishia giza linaanza kushuka, nikavuka barabara kwenda dukani. Hiyo tu. Sikuwa nimetoka kwa mganga, sikuwa nimepita makaburini. Nalisema mapema kwa sababu nawajua ninyi wa Dar: mkisikia Sumbawanga mnacheka kwanza, halafu mnauliza kama kweli tunasafiri na ungo. Mimi nina degree ya sosholojia, upper second, na ungo wa nyumbani kwetu unapepeta ulezi. Period.

Nilikuwa mlinzi wa paking. Ndiyo, mlinzi. Nimeomba kazi kila mahali, na kila mahali wanataka experience ya miaka mitano kutoka kwa mtu ambaye juzi tu alikuwa anapiga picha na joho. Seriously? Wakubwa wakasimama majukwaani wakasema vijana wajiajiri. Mimi nikaajiriwa na Mama Silvana, mjane mwenye uwanja nyuma ya stendi.

Uwanja wenyewe ni wa watu wanaoishi mjini na kufanya kazi mbali. Walimu, manesi, mabwana shamba. Asubuhi wanaacha pikipiki na magari yao kwetu, wanapanda basi kwenda Laela au kushuka Muze, jioni wanarudi kuchukua. Zamani, nasikia, walikuwa wanarudi kukuta mifupa. Vioo vya pembeni vimeng'olewa, betri hakuna, mafuta yamenyonywa kwa mpira, siti imechanwa kwa wembe. Hiyo ya wembe sijaielewa mpaka leo. Huibi kitu, unachana tu! Roho ya wapi hiyo?

Nikaingia na mfumo. Mlango wa kutokea mmoja tu. Mnyororo unaopita kwenye matairi ya pikipiki zote. Taa ya sola kila pembe. Kibao cha bati chenye namba ukiacha chombo, na bila kibao hutoki, hata uwe padre. Tangu nianze hakikuibiwa kitu. Hata kimoja. Nikawa natembea kifua mbele pale stendi, nikijua chuo hakikunipotezea muda.

Sharti moja tu halikuwa langu. Mama Silvana alinipa siku ya kuanza kazi, akiwa ameshika funguo na hataki kuziachia.

"Jua likizama, aliye nje ya geti msalimie unavyotaka. Aliye ndani ya uzio hasalimiwi."

"Hata mteja?"

"Hata askofu."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu nimesema, Albina."

Kwetu Wafipa hilo ni tusi. Mimi nimelelewa na bibi, na kwa bibi salamu siyo kutikisa kichwa huku unachezea simu. Unachuchumaa. Unakunja viganja, unapiga makofi polepole, unauliza za nyumbani, za watoto, za shamba, na mwenzako anakujibu kwa makofi yake. Kumpita mtu kimya ni kumwambia hayupo. Lakini kazi niliitaka. Nikawa nawasalimia wateja wote pale getini, kabla hawajaingiza mguu. Nesi Asifiwe, dada mmoja wa Mbeya mwenye pikipiki nyekundu, alikuwa ananicheka.

"Wee Albina, salamu zako zina mpaka kama Tunduma!"

Basi. Jioni hiyo nikarudi na betri zangu.

Ulikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba kwetu siyo mchezo. Upepo unakata masikio. Ukungu ulikuwa umeshuka ghafla, nilipovuka kwenda dukani haukuwepo, niliporudi taa zangu za sola zilikuwa madoa tu, kama viini vya mayai. Nikafungua geti. Nikaingia.

Harufu ikanipokea. Petroli, hiyo nimeizoea. Na chini yake harufu nyingine... udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Halafu nikasikia.

Kra... kra... kra...

Mtu anatembea kwenye kokoto. Haji, haendi. Anatembea tu.

Nikaweka betri kwenye tochi, vidole vinagoma kwa baridi. Nikamulika kati ya lori la Fuso na pikipiki ya Nesi Asifiwe. Mwanamume, amevaa jaketi, spana mkononi, betri ya pikipiki amekumbatia kifuani kama mtoto. Anaizunguka pikipiki. Anazunguka, anazunguka.

"Simama hapo hapo!"

Hakusimama. Akapita kwenye mwanga, nikamwona uso.

Jafeti.

Jafeti niliyekaa naye dawati moja kidato cha sita. Tukafuatana chuo. Tukatolea kopi za vyeti kwenye mashine moja, tukaazimana pasi ya kunyooshea nguo za interview. Hasira iliyonipanda sina maneno nayo.

"Pumbavu wewe! Betri ya nesi? Na wewe una degree ya uhasibu?"

"Albina..." Sauti yake ilikuwa kavu kama karatasi. "Maji."

"Maji utayanywa polisi."

"Nipo hapa tangu asubuhi."

"Acha uongo. Asubuhi nilikuwa hapa mimi."

Akazunguka nyuma ya pikipiki, akatokea upande wa pili. Viatu vyake havikuwa na soli tena. Kokoto alipokuwa anapita zilikuwa zimezama, pamekuwa kama njia ya ng'ombe.

"Ulinipita," akasema. "Ulikuwa unakula mihogo. Nikakuita. Ukasimama mbele yangu hapa, ukajikuna shingo... ukaondoka."

Asubuhi ile nilikula mihogo.

Nikasahau hasira. Nikamshika mkono nimvute. Ulikuwa wa baridi kama chuma cha geti, na haukuvutika, ila ulinivuta. Nikajikuta natembea naye. Miguu yangu mwenyewe, nayo inageuka, inafuata duara. Na nyuma ya shingo yangu mtu akapumua.

Nikaachia. Nikaanguka kwenye kokoto.

"Siwezi kusimama, Alba," Jafeti akanong'ona. "Nikisimama wananisukuma."

"Nani?"

"Hao wa nyuma yangu."

Nikamulika nyuma yake. Ukungu. Hakuna mtu. Lakini nikaziba mdomo nikasikiliza vizuri, na kokoto zilikuwa zinalia kwa miguu mingi. Kuzunguka Fuso. Kuzunguka kirikuu, kile kigari cha mizigo cha mwalimu. Kuzunguka kila chombo kilichokuwa pale.

Uwanja mzima ulikuwa unatembea.

Nilikimbilia getini, sikatai. Mama Silvana alikuwa amesimama nje, amejifunga blanketi, kana kwamba alijua nitatoka saa ngapi.

"Umemwona," akasema. Wala hakuwa anauliza.

"Mama, umeweka nini humu?"

"Nimezindika uwanja wangu. Mtu akigusa cha watu, hatoki. Siku ya kwanza haonekani mpaka giza liingie. Giza likiingia anaonekana kwa muda. Wenye mali wakimchukua, wamemchukua. Wasipomchukua..." Akainua mabega. "Anaingia kwa wenzake."

"Kwa hiyo mfumo wangu? Taa, mnyororo, vibao?"

"Mfumo wako mzuri, mwanangu. Taa zinapendeza."

Wallahi, nimewahi kutukanwa, lakini siyo hivyo.

"Huyo namjua," nikasema. "Ni Jafeti. Tumesoma wote. Nimpeleke polisi, afungwe, sawa, anastahili. Nisaidie atoke."

"Basi la Muze linapanda. Likifika, wenye pikipiki wapo ndani. Watamkuta na betri mkononi."

"Watamuua, mama. Unawajua walivyo na hasira. Watamchoma hapo hapo."

"Wamchome."

Alivyosema hivyo, taratibu, bila kupandisha sauti... ndipo nikaogopa kweli. Nikamwangalia. Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti.

"Unajua mume wangu alikufaje?" akaniuliza. "Christopha alikuwa mlinzi wa uwanja huu. Yeye mwenyewe, na fimbo yake. Wakampasua kichwa kwa nondo, hapo unapokanyaga, naona kwa dirisha, kwa ajili ya betri ya gari. Betri, Albina! Kesi ikaishia hewani. Nikaenda bondeni kwa mtaalamu, akaja, akazika vitu vyake kwenye pembe. Tangu hapo sijazika mtu."

Nikawaza haraka. Mtu anayeweka mtego hakosi kujua unavyoteguka. Na katika kila kitu alichowahi kuniambia yule mama, kimoja tu hakikuwa na maana.

"Ni salamu," nikasema.

Akalikaza blanketi mabegani.

"Ndiyo maana hasalimiwi aliye ndani. Ni salamu, siyo?"

"Ukimsalimia mtu umempokea," akasema mwishowe, chini chini. "Ukimpokea ni mgeni. Uzio haumshiki mgeni. Lakini nisikilize, Albina. Uzio haujui kuchagua. Ukimfungulia huyo umewafungulia wote. Na humo ndani..." Akanishika mkono, kucha zikaingia. "Aliyeshika nondo yumo. Alirudi tena kuiba, mjinga, nikamnasa. Miaka yote anazunguka hapo mbele ya macho yangu. Ndiyo usingizi wangu huo. Usithubutu."

Kule mteremkoni, honi ya basi ikalia. Ndefu. Dereva wa Muze hupiga honi akimaliza mlima, ili wenye bodaboda wajisogeze.

Ningeweza kukaa kimya. Naapa kwa shahada yangu: ningekaa kimya hakuna ambaye angenilaumu. Mwizi ni mwizi. Mimi nachukia wezi kuliko ninyi, mimi ndiye niliyekuwa nazuia wezi kwa mikono yangu. Lakini kuzuia mtu asiibe ni kitu kimoja. Kumgeuza mtu kuwa uzio ni kitu kingine kabisa. No. Hapana. Nikauchomoa mkono wangu.

"Albina! Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze. Nimezoea kutokuwa na kazi."

Nikaingia.

Jafeti alikuwa ameanza kufifia. Sijui niseme vipi... tochi ilikuwa inamulika jaketi na nyuma ya jaketi naiona pikipiki. Nikasema haraka, "Mambo, Jafeti!"

Akaendelea kuzunguka.

"Vipi mshikaji? Poa?"

Hakuna. Dawa ya watu wazima haisikii Kiswahili cha kijiweni.

Basi la Muze lilikuwa tayari linaunguruma barabarani. Nikavuta pumzi. Nikachuchumaa kwenye zile kokoto, kama bibi alivyonifundisha, magoti pamoja, kichwa chini. Nikakunja viganja.

Pa... pa... pa...

Nikamuuliza kwa Kifipa za nyumbani kwao. Nikamuuliza za mama yake na mgongo wake. Nikamuuliza za shamba, kama mahindi yamekauka sawasawa. Sikuharakisha. Salamu ukiiharakisha siyo salamu.

Miguu ya Jafeti ikasimama.

Betri ikamdondoka. Spana ikamdondoka. Akachuchumaa mbele yangu, akakunja viganja vyake.

Pa... pa... pa...

Halafu nyuma ya Fuso.

Pa... pa...

Chini ya kirikuu. Karibu na ukuta. Kule gizani kwenye pembe ambayo taa yake huwa haiwaki vizuri. Makofi. Makofi makavu, ya viganja visivyo na nyama, yanajibu salamu yangu, polepole, kwa adabu zote.

Sikuinua kichwa. Niwe mkweli, sikuthubutu. Nikasikia wakipita. Harufu ya petroli na udongo ikapita na kila mmoja, na baridi ikanigusa bega la kushoto, ikaniacha, ikanigusa tena. Wanaelekea getini. Hawakukimbia. Wageni hawakimbii.

Mmoja akasimama getini.

Nikaona miguu yake tu. Mifupa ya vidole imekwisha kwa kutembea. Alisimama mbele ya Mama Silvana, akachuchumaa, akampigia makofi.

Mama Silvana hakuitika.

"Christopha naye alikusalimia," akamwambia. "Alichuchumaa akakusalimia, ndipo ukampiga."

Makofi yakakatika. Yule mtu akabaki amechuchumaa kidogo. Kisha ukungu ukamchukua.

Basi likaingia stendi.

Niliwahi kumsukumia Jafeti chini ya Fuso kabla wateja hawajafika. Nikawasalimia getini mmoja mmoja, makofi na kila kitu. Nesi Asifiwe akasimama mbele ya pikipiki yake.

"Dada, mbona betri yangu iko chini?"

"Ilikuwa imelegea. Nilitaka kuikaza."

"Wewe! Na ufundi unaweza?"

"Mimi ni graduate, dada. Tunaweza kila kitu isipokuwa kuajiriwa."

Akacheka. Akaondoka. Wote wakaondoka. Nikamtoa Jafeti, akanywa maji kwenye ndoo kama ng'ombe, na alipomaliza nikamzaba kofi ambalo nadhani lilisikika Laela. Hakulalamika. Siku hizi anauza vocha pale sokoni, na kwa Nesi Asifiwe alikwenda mwenyewe kukiri, sikumsindikiza. Nesi alimtukana Kinyakyusa mpaka watu wakajaa. Jafeti akikaa kitini, mguu wake mmoja hautulii. Unakwenda, unakwenda. Nimemwambia aende hospitali, anasema daktari hakuona kitu.

Mama Silvana alinifukuza kazi usiku huo huo. Asubuhi akanitumia funguo. Nikachimba zile pembe peke yangu mchana kweupe, nikatoa vilivyokuwemo, nikavichoma, na msiniulize vilikuwa nini. Sasa uwanja hauna dawa. Una taa, una mnyororo, una mimi. Wiki mbili hizi wameiba kofia ngumu na kuchana siti moja. Sawa! Nitamkamata huyo wa wembe, nitampeleka kwa miguu yake polisi, na nitamsalimia njiani. Mteja anayeona haitoshi, ahamishe pikipiki yake.

Nilidhani yameisha hapo.

Juzi akaja mama mmoja mwembamba, amefunga kitambaa cha msiba kilichochuja. Akasimama nje ya geti, akanisalimia vizuri. Anaitwa Kristiana, katoka Mwazye.

"Kijana wa vocha sokoni kanielekeza. Wewe ndiye uliyefungua watu hapa?" akaniuliza.

Ningeweza kukataa.

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Mume wangu alikwenda mjini kutafuta maisha, hakurudi. Tulishamlilia, tulishamwekea msalaba." Alikuwa anasokota ncha ya khanga. "Karudi. Anakuja kila jioni. Anasimama mlangoni, anapiga makofi, anangoja tuitike. Hali chakula. Hasemi. Nyumba nzima inanuka petroli. Watoto nimewapeleka kwa dada yangu. Mimi sijaitika bado. Nikiitika ataingia, si ndiyo? Ni mume wangu. Nifanye nini, binti?"

"Miguu yake ikoje?"

Akaniangalia. "Vidole vimekwisha, imebaki mifupa," akasema, akaanza kulia.

Nikamwambia anisubiri kidogo. Nikavuka uwanja mpaka nyumbani kwa Mama Silvana, mara ya kwanza tangu usiku ule. Alikuwa anachambua maharage. Nikamweleza kila kitu, nimesimama, bila kupaka asali. Nilitegemea anitukane. Akaweka ungo chini.

"Basi la Mwazye linaondoka saa ngapi?"

Tukasafiri wanawake watatu, siti ya nyuma. Tukafika jua linazama. Nyumba ya tofali za kuchoma, mlango wa mbao, mahindi yameanikwa. Tukakaa ndani, taa imewashwa. Mama Silvana akakataa kiti. Akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, mwanamke mfupi ambaye sikuwahi kuona kama ni mfupi mpaka siku ile.

Harufu ikatangulia. Petroli. Udongo.

Pa... pa... pa...

Nje ya mlango. Taratibu. Kwa adabu zote.

Kristiana akanishika mkono. Mikono yangu mwenyewe ilitaka kukunjana, ndivyo nilivyolelewa, mwili unaitika wenyewe. Nikaikalia.

"Tumekusikia," Mama Silvana akasema. Sauti yake haikuwa na machozi safari hii. "Huingii. Kwanza utasema. Mimi ni mke wa Christopha, huyu ni mkeo, na huyu ndiye aliyekufungua. Wote tunakusikiliza. Sema ulichofanya."

Makofi yakakoma.

Tukangoja. Upepo ukapita juu ya mabati, mbwa wa jirani akanyamaza. Halafu huko nje, polepole, koo ambalo halijatumika miaka mingi likaanza kujisafisha.